Fomu ya Meliyo

Nashipai alinipigia simu Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua duka. Akaniambia kwa sauti iliyokauka kwamba baba yake, Meliyo, ametutoka jana jioni kwake Nainokanoka, kwamba mazishi ni Alhamisi, na kwamba familia imekubaliana wasifu wa marehemu niuandike mimi. Nilimpa pole, nikauliza mama yake anaendeleaje, nikauliza habari za wadogo zake, nikazungukazunguka hivyo nikitumaini atasahau lile la wasifu. Hakusahau. Nashipai anafundisha tiba ya mifugo katika chuo kikuu cha umma, amezoea wanafunzi wenye visingizio, si mtu wa kuzungushwa. Akasema, "Mama, baba alituambia miaka yote kuna mama mmoja tu Karatu anayejua mwaka wake wa kuzaliwa. Kila tulipomwuliza umri wake alitutuma kwako." Nikakaa kwenye benchi la wateja nje ya duka langu mwenyewe. Kwa miaka zaidi ya arobaini Meliyo alipita kwangu kila aliposhuka mnadani, akanywa chai, tukataniana, tukaulizana habari za watoto, na hata siku moja hakunigusia jambo lile. Kumbe huko kwake alikuwa akilisema.

Miezi michache kabla ya hapo Nashipai huyohuyo aliniletea kijitabu cha chuo chao, karatasi zinang'aa mpaka unajiona uso. Ndani yake kuna picha za kampasi mpya, maabara, mabweni ya ghorofa, wasichana waliovaa majoho wanacheka, na mwishoni malengo yamepangwa safu, kila lengo na alama ya kijani pembeni kuonyesha limefikiwa. Nilikisoma nikisubiri wateja, maana siku hizi mtu akija dukani kwangu kuchapa barua ujue simu yake imeharibika. Sina kinyongo na majengo. Nimefurahi chuo kimekua, na nimefurahi zaidi kuwa mtoto wa Meliyo ni mwalimu mle ndani. Lakini ukurasa wa kwanza kulikuwa na sentensi iliyosema chuo kimepiga hatua kubwa kuelekea malengo yake, nikajikuta nimechoka ghafla, uchovu wa kwenye mifupa kabisa, kwa sababu sentensi ile naijua. Niliwahi kuichapa kwa vidole hivi, Oldeani, mwaka wa themanini na mbili, na siku niliyoichapa nilijua ni uongo.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na cheti cha uchapaji kutoka Arusha. Chuo Kikuu kilikuwa kimeamua kutoka mjini kuwafuata watu wazima waliko. Lengo lao, walilirudia kwenye kila barua, lilikuwa kwamba chuo kisiwe cha watoto waliotoka moja kwa moja shuleni, kiwe pia cha wafanyakazi, wakulima na wafugaji. Mtu mwenye miaka ishirini na mitano au zaidi, aliyekwisha kufanya kazi, angeweza kukaa mtihani maalumu wa kuingilia hata kama hakufika kidato cha sita. Ndipo kikafunguliwa kituo cha kuwaandaa watu wa milimani kwetu, ndani ya ghala la kahawa la shamba moja la serikali. Ghala lilikuwa na sakafu nyekundu ya saruji, madirisha madogo yaliyo juu mno, na harufu ya maganda ya kahawa ambayo haikutoka hata tulipopaka chokaa. Ukuta wa mbao uligawa ghala vipande viwili, upande mkubwa darasa, upande mdogo ofisi yenye meza mbili, taipureta moja na mashine ya kudurufu iliyovuja wino. Wafanyakazi tulikuwa wawili tu. Mratibu alikuwa Bwana Lugendo, mtu wa Morogoro, mwembamba, mpole, aliyevaa sweta mbili kwa baridi ya Oldeani na bado akatetemeka. Mimi nilikuwa karani, mchapaji, mfagiaji, na Jumamosi nikawa mpishi, ingawa barua yangu ya ajira haikusema hivyo.

Ulikuwa mwaka wa dhiki. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ilikuwa hadithi, na chai tuliinywa kwa kumung'unya pipi, pipi moja vikombe viwili kama wewe ni mwangalifu. Jumamosi nilipika ugali wa unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, na mboga yoyote iliyopatikana, wanafunzi wakala wakiwa wamekaa juu ya magunia, wakilalamikia ugali na kumaliza sufuria. Walianza kumi na saba: walimu wa shule za msingi, karani wa shamba, mganga msaidizi wa zahanati, wakulima wawili waliomaliza kidato cha nne zamani. Kufikia masika walikuwa wamebaki wanane. Barabara zilikuwa mbaya, mwalimu wa kuja kufundisha alikuja mwezi huu akakosa mwezi ujao kwa sababu ya mafuta, na mara nyingi somo lilikuwa ni makaratasi yaliyotumwa kwenye bahasha, nikayachapa kwenye stensili, nikayadurufu, Bwana Lugendo akayasoma kwa sauti. Kwa kuwa nilikuwa nikiyachapa, niliyasoma kabla yao. Mazoezi nilikuwa nikiyafanya kwa siri kwa penseli nyuma ya karatasi zilizoharibika, kisha nasahihisha mwenyewe, na mara nyingi niliwapita karibu wote. Nikawatazama wale watu wazima wanakuna vichwa juu ya mambo niliyokwisha kuyaelewa, na fomu ya kuomba mtihani siruhusiwi kuigusa isipokuwa kuwajazia wao. Kosa langu lilikuwa kuzaliwa juzi tu. Nilikuwa na wivu, nauandika hapa kwa jina lake.

Niliyeshindwa kumpita alikuwa Meliyo. Alikuwa bwana mifugo msaidizi wa Nainokanoka, na Ijumaa alishuka kwa miguu mpaka barabara ya ukingo wa kreta, akadandia lori lolote linaloteremka, akatufikia jioni vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Alilala ghalani juu ya magunia, shuka mbili, moja chini na moja juu. Alikuja na kibuyu cha maziwa mgando, akakiweka mezani kwangu, nami nikajua Jumamosi ugali wa yanga utalika. Tulitaniana sana. Yeye alisema sisi Wambulu tunafuga ng'ombe ili tupate samadi, mimi nikamwambia wao wanafuga ili wapate nzi. Aliniita mtoto wa taipureta. Wengine wakicheka nilicheka nao, lakini hilo la mtoto liliniingia vibaya, kwa sababu ndilo lililokuwa likininyima kila kitu mwaka ule.

Alichokitaka alikisema waziwazi, na alikisema mara nyingi. Ndama wa Nainokanoka walikuwa wanakufa kwa ndigana, ile homa ya kupe, josho halina dawa, na yeye kazi yake ikawa kuzunguka bomani kuhesabu mizoga na kuandika ripoti ambayo hakuna aliyeijibu. Siku moja nilimsikia kupitia ule ukuta wa mbao akimweleza Bwana Lugendo kwamba wazee wamemwita bwana mifugo wa maiti. Hawakusema kwa ubaya, alisema, walisema kwa sababu ndiyo kazi waliyomwona akiifanya. Akasema anataka kwenda kusoma dawa yenyewe, arudi awe mtu anayefika kabla ndama hajafa. Bwana Lugendo akamwambia kwamba kati ya wote waliopita pale, kama kuna mmoja atakayefaulu mtihani ni yeye. Niliacha kuchapa ili nisikie vizuri. Roho iliniuma, na papo hapo nilimwombea afaulu, mambo hayo mawili yakakaa pamoja ndani yangu bila kugombana.

Katikati ya masika alikuja mgeni kutoka makao makuu ya chuo, bwana mkubwa mwenye mkoba wa ngozi, akala makande yangu na kusifia hali ya hewa. Baadaye akafunga mlango wa ofisi, mimi nikahamia darasani kufagia mahali nilipokwisha kufagia. Alikuwa akimwambia Bwana Lugendo kwamba vituo vinatazamwa upya, vinavyokua vitaongezewa mwalimu na gari, visivyokua vitafungwa. Fomu za waombaji zifike mjini kwa tarehe iliyowekwa, zikiwa zimejazwa kila nafasi, maana mwaka uliopita nyingi zilirudishwa kwa uzembe wa makarani. Neno makarani alilisema kwa namna ambayo nilisimama na ufagio wangu mkononi nikahisi masikio yanawaka. Nikajiapiza kwamba fomu za Oldeani hazitarudishwa, si kwa uzembe wangu.

Meliyo alikaa mbele ya meza yangu Jumamosi iliyofuata ili nimjazie ya kwake. Jina, kazi, elimu, vyote vikaenda vizuri, mpaka nilipofika kwenye mwaka wa kuzaliwa. Cheti chake cha shule kilisema 1960. Aliweka kidole juu ya ile nafasi ya fomu kana kwamba ameziba tundu.

"Hapo paache," alisema. "Nitakuletea karatasi ya mahakama."

"Cheti kinasema sitini."

"Cheti kinasema alichotaka mwalimu. Mwaka wa sitini mama yangu alikuwa ananituma kuchunga ndama. Mimi nimeshatoka umorani, nina watoto wawili, wewe unaniandika mdogo wa kulingana na wewe?"

Akanieleza, na aliyonieleza hayakuwa mageni, maana hata kwetu watoto walipimwa umri kwa kupitisha mkono juu ya kichwa waguse sikio la upande wa pili. Kwao lilikuja agizo kila boma litoe mtoto wa shule, darasa la kwanza wasizidi miaka saba. Mzee wake alikubali kumtoa mmoja tu, na huyo mmoja alikwishafika kumi na tatu. Mwalimu alijua akimwandika kumi na tatu mkaguzi atamrudisha, na boma halitatoa mwingine. Basi akampa miaka saba, na Meliyo akasoma shule nzima akiwa na ndevu. Kwao hakuna aliyejali, sababu hakuna aliyehesabu miaka. Walijua rika lake, walijua nani alitahiriwa naye, na hilo halina ubishi kwa mtu yeyote wa Nainokanoka. Angekwenda mahakama ya Karatu na wenzake wawili wa rika, waape mbele ya hakimu kwamba alizaliwa mwaka wa hamsini na nne. Aliniambia ataileta karatasi kabla ya fomu kuondoka, nikamwambia gari linaondoka Ijumaa ya wiki ya pili na halimngojei mtu. Nilisema hivyo kwa kujisikia, kama gari ni langu.

Wiki zile mbili mvua ilinyesha kama imetumwa. Barabara ya ukingoni ilikatika, malori yakakwama, na Jumamosi ya katikati Meliyo hakuonekana. Ijumaa yenyewe Bwana Lugendo alikuwa ameitwa Arusha, akaniachia kikaratasi juu ya taipureta: nihakikishe hakuna nafasi iliyobaki wazi, nifunge bahasha, nimpe dereva. Fomu nane zilikuwa mbele yangu, saba zimekamilika. Nilikaa na ile ya nane asubuhi nzima. Ningeweza kuchapa 1954 kama mwenyewe alivyosema. Ningeweza kuambatanisha barua ya kueleza kwamba karatasi ya mahakama iko njiani. Mwalimu wetu wa uchapaji alitufundisha kwamba karani haandiki kisichokuwa kwenye karatasi, nami nililishika lile neno kwa nguvu zote kwa sababu siku ile lilinifaa. Nikajiambia nikiandika hamsini na nne na cheti kinasema sitini, Meliyo ataonekana mwongo, kwa hiyo namlinda. Chini ya hayo yote palikuwa na kitu kingine, kidogo na kichungu: kama miaka yangu ni ile iliyo kwenye karatasi, kwa nini ya kwake isiwe?

Nikachapa 1960. Nilichapa vizuri, herufi zimekaa sawasawa, hapana doa.

Dereva alikuja saa nane mchana, mtu mzima, amechafuka matope mpaka kiunoni. Akaniomba maji, akalitazama anga, akasema njia ni mbaya na giza litamkuta Mto wa Mbu, na ana ndugu yake palepale Oldeani. "Dada, mimi naweza kulala hapa," aliniambia. "Nikitoka kesho asubuhi, Jumatatu zipo mjini bila wasiwasi." Nilimjibu kwamba agizo linasema Ijumaa. Alinitazama kidogo, akachukua bahasha, akaondoka shingo upande. Jambo hili sikumweleza mtu yeyote mpaka wiki ile ya msiba, wala Bwana Lugendo, wala mume wangu.

Meliyo alifika Jumamosi kabla ya saa nne asubuhi. Walikuwa wawili, yeye na mwenzake wa rika anayeitwa Koinet, mrefu, hakujua Kiswahili sana wakati huo. Walitembea kutoka Nainokanoka mpaka Karatu kwa siku mbili kwa sababu hakukuwa na gari lolote, wakaapa mahakamani pamoja na mwenzao wa tatu waliyemkuta mjini, kisha wakatembea tena kuja Oldeani. Shuka zao zilikuwa zinachuruzika kwenye sakafu yangu nyekundu. Meliyo aliinua mkono, akatoa kwapani mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nyingi, ndani yake karatasi kavu kabisa yenye mhuri. Niliwaambia gari limeondoka jana. Akauliza kama nafasi yake niliiacha wazi. Nikamwambia ilijazwa. Sikusema na nani wala kwa mwaka gani, nikageuka kuwasha jiko, nikawapa chai na pipi moja moja. Koinet aliitazama ile pipi akaitia kwenye shuka akawapelekee watoto.

Majibu yalikuja miezi mitatu baadaye. Saba waliruhusiwa kukaa mtihani. Fomu ya Meliyo ilirudishwa pamoja na barua ya mistari minne: umri haujatimia. Bahasha ilikuwa na jina lake, nikamkabidhi ikiwa imefungwa, nikabaki nimesimama kwa kuwa kukaa ningeshindwa. Alisoma barua, kisha akaitazama fomu kwa muda mrefu, kidole chake kikapita palepale alipokuwa amepaziba. Nilijua ameona ni mashine ileile iliyopiga majibu mengine yote mbele ya macho yake. Nilisubiri anitukane, ningeshukuru.

"Mashine yako inaandika safi," alisema.

Akaikunja fomu na barua, akavitia ndani ya ule mfuko wa nailoni pamoja na karatasi ya mahakama. Bwana Lugendo alikasirika kuliko alivyokasirika yeye. Aliandika rufaa kwa mkono wake, hakunipa niichape, akaambatanisha nakala ya kiapo. Walimjibu kwamba mwombaji amewasilisha maelezo mawili yanayopingana juu ya jambo moja, na kwamba jalada lake limewekewa alama. Kwa hiyo karatasi ile ya kweli, iliyotembezwa kwenye mvua, ikageuka ushahidi wa udanganyifu, kwa sababu ilitanguliwa na ya kwangu kwa siku moja. Bwana Lugendo alinisomea barua hiyo polepole na hakuniuliza kitu. Heshima yake ilinichoma zaidi ya maneno.

Mwezi wa kumi na mbili aliniita nichape ripoti ya mwaka. Kati ya wale saba wawili walifaulu, na darasani walikuwa wamebaki watatu. Alisimama dirishani na sweta zake mbili akitamka, mimi nikipiga: kituo kimepata uzoefu, kituo kimejenga uhusiano mwema na shamba, kituo kimepiga hatua kuelekea malengo yake. Alipofika hapo aligeuka kutoka dirishani. Nikadhani atasema nifute. Akasema tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka kama nilivyo mimi leo, "Weka nukta, Basilisa." Nikaweka. Mwaka uliofuata kituo kilifungwa hivyohivyo, Bwana Lugendo akarudi Morogoro, magunia yakarudi ghalani. Mimi nilipofikisha ishirini na mitano palikuwa hapana tena mahali pa kujaza fomu, na nilikuwa nimeolewa, na nilikuwa nanunua taipureta ya mtumba nifungue kibanda Karatu. Karatasi ya Meliyo ilipofikisha ishirini na mitano, ndama wa boma lake walikuwa wameshakufa wengi, na yeye hakutaka tena kusikia habari za fomu. Alibaki bwana mifugo msaidizi mpaka alipostaafu. Nashipai alipoanza shule, Meliyo alimpeleka mwenyewe kumwandikisha, na nimesikia alimsimamia mwalimu mpaka mwaka wake wa kweli ukaandikwa.

Alhamisi nilifika Nainokanoka mapema, ukungu bado umelalia bomani, baridi ile ambayo mwili wangu wa sasa hauiwezi. Nashipai alinipokea, akanikalisha karibu na moto, akaweka magotini pangu ule mfuko wa nailoni. Niliujua kabla sijaufungua. Zile karatasi zilikuwa zimekaa pamoja miaka yote hiyo, ya mahakama imegeuka rangi ya chai, ya kwangu bado inasomeka vizuri. Nje, kwenye msalaba uliosimamishwa ukutani, walikuwa wameandika mwaka wa kufa, na upande wa kushoto pameachwa wazi. Nikamwambia Nashipai yote, kwa mfululizo, bila kujitetea: fomu, dereva, pipi. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia siku nne na sikujua kama ninamwongezea. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Najua ulijaza wewe," alisema. "Ya dereva sikuijua. Nadhani hata baba hakuijua."

Kisha akaniuliza nitaandika nini, maana mchungaji anataka wasifu. Karatasi ya kiapo nilikuwa nayo mkononi, mwaka wenyewe uko pale na mhuri juu yake, ningenakili nikamaliza. Lakini safari ile ya Oldeani nilikuwa na karatasi pia. Nikauliza kama Mzee Koinet yu hai. Akasema yu hai, alihamia Enguserosambu siku nyingi, amepewa taarifa na yuko njiani, ila gari walilopanda limeharibika na hakuna ajuaye watafika saa ngapi. Nikamwambia tumngoje. Mchungaji aliitazama saa, akasema watu ni wengi na ukungu utarudi mchana. Wajomba wakaja, wakanisihi kwa adabu, kisha wakanisihi kwa adabu kidogo. Niliwaambia kila nafasi nimejaza isipokuwa moja, na hiyo sitaijaza mpaka mzee aingie. Nilisema kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nashipai akasimama nyuma yangu, akawaambia mama amesema tungoje. Tukangoja saa mbili na zaidi, watu wakinywa chai yenye sukari ya kutosha, mimi na karatasi yangu magotini.

Koinet alishushwa kwenye gari akiwa ameshikwa mikono miwili. Amekuwa mzee, macho yameingia ukungu, lakini urefu ni uleule. Walimleta nilipo, akanisalimia takwenya, nikaitikia iko. Nilimwambia mimi ni nani, nikamwuliza swali ambalo ningepaswa kuliuliza nikiwa na miaka ishirini na mmoja: marehemu alizaliwa lini? Hakuharakisha. Alisema walizaliwa masika moja, Meliyo akimtangulia siku chache, mama zao wakakamuliana ng'ombe kwa zamu, na walitahiriwa asubuhi moja. Kwa hesabu za serikali ni hamsini na nne, ndivyo walivyomwapia hakimu. Kisha akanyoosha mkono, akaupapasa mfuko wa nailoni magotini pangu, akautambua kwa vidole.

"Siku ile tulikuja na mvua mwilini," alisema. "Gari likawa limeondoka jana yake."

"Ndiyo, mzee."

"Leo umetungoja."

Nikainamia karatasi, nikaandika mwaka. Halafu nikampa Nashipai kalamu, akatoka nje kuuandika kwenye msalaba.